Chanjo ya kideri ni kinga yetu ya kwanza dhidi ya mafua ya ndege

Tarehe 16 Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyopangwa kuendeshwa kwa miaka mitano kwa gharama ya shilingi bilioni 216. Mazungumzo yaliyofuata yalitawaliwa na ng'ombe: bei ya chanjo ya homa ya mapafu baada ya ruzuku, hereni za utambuzi, masharti ya soko la nyama la nje. Kuku walitajwa mwishoni. Kwa kuwa mwenye ng'ombe anachangia nusu ya gharama na mwenye kuku wa kienyeji halipi chochote, wengi walikichukua kipengele hicho kama zawadi ndogo kwa kina mama wa vijijini, jambo jema lisilostahili kujadiliwa kwa kina. Naona tumekielewa vibaya. Kuchanja kuku wa kienyeji wapatao milioni 40 dhidi ya kideri ni hatua nzito kuliko nyingine yoyote tuliyo nayo leo ya kujilinda na mafua ya ndege, ingawa chanjo yenyewe haimkingi kuku na mafua ya ndege hata kidogo. Sentensi hiyo inaonekana kujipinga, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haijipingi.

Kideri, ambacho sehemu nyingine za nchi hukiita mdondo, hakihitaji kutambulishwa kwa mtu aliyefuga kuku. Kinakuja zaidi wakati wa kiangazi. Kuku anazubaa, anashusha mabawa, anahara kijani, anahema kwa shida, wengine wanapinda shingo na kuzunguka mahali pamoja, na ndani ya siku chache banda ambalo halikuchanjwa linaweza kubaki tupu. Mafua makali ya ndege, yale yanayosababishwa na virusi vya kundi la H5 na H7, huua kwa namna inayofanana sana na hiyo: vifo vya ghafla na vingi, kuhara, kuhema kwa taabu, kupinda shingo, pengine uso kuvimba na upanga wa kichwani kugeuka rangi ya zambarau. Daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuyatofautisha magonjwa haya mawili kwa macho na kuapa kwamba amepatia. Jibu hutoka maabara, na maabara haiwezi kupima sampuli ambayo hakuna mtu aliyeipeleka.

Hapo ndipo penye shida yote. Katika kaya ambayo imeshapoteza kuku kwa kideri mara nyingi, vifo vya kuku si habari. Havipelekwi kwa afisa mifugo wa kata, kwa sababu mwaka jana havikupelekwa na mwaka juzi vilipopelekwa hapakuwa na msaada wowote. Kinachofanyika ni kuokoa kinachookoleka. Kuku wa kwanza akifa asubuhi, wale wanaoonekana wazima wanakamatwa na kuuzwa kabla ya jua kuzama, wanaoyumba wanachinjwa na kuliwa, na waliokwisha kufa wanatupwa kichakani au wanapewa mbwa. Mchuuzi anayezunguka vijijini anajua kabisa kwamba siku bei ilipoporomoka ghafla kuna jambo, na anajaza tenga lake upesi zaidi. Tenga hilo linapakiwa juu ya basi kutoka Singida, Dodoma au Shinyanga, na kesho yake linashushwa Dar es Salaam, katika masoko ya kuku kama Kisutu na Shekilango, ambako kuku wa mikoa mingi wanakaa pamoja, wanakunywa maji ya chombo kimoja, na baadhi yao wananunuliwa wakiwa hai na kurudishwa kwenye mabanda ya pembezoni mwa jiji. Si sahihi kuyaita haya ujinga. Ni hesabu ya mtu mwenye kuku kumi na mahitaji ya ada ya shule, naye amepiga hesabu yake sawasawa.

Sasa fikiria virusi vya mafua ya ndege vikitua katika kijiji cha namna hiyo mwezi wa Agosti. Vinakuta mahali ambapo kuku hufa kila kiangazi, ambapo kila mtu ana jina la kuyaita maradhi hayo, na ambapo njia ya kuwasambaza kuku wagonjwa hadi mjini imeshajengeka na inafanya kazi kila wiki. Vinaweza kusafiri kilomita mia kadhaa na kuingia katika masoko ya miji mitatu kabla ya mtu mmoja kuwa na sababu ya kushtuka. Katika kijiji kilichochanjwa sawasawa dhidi ya kideri, hali ni tofauti kabisa. Kuku arobaini wakifa kwa siku mbili katika kaya tatu zenye kadi ya chanjo, hakuna anayeweza kusema ni mdondo tu. Mchanjaji wa kijiji ataulizwa, naye atauliza juu, na swali litafika kwa daktari wa mifugo wa wilaya likiwa bado la moto. Chanjo ya kideri inaondoa kelele ya vifo vya kila siku ili kifo kisicho cha kawaida kisikike. Huo ndio ufuatiliaji wa magonjwa kwa maana yake ya kweli, na unagharimu kidogo kuliko ufuatiliaji wowote wa kutumia magari na wataalamu peke yao.

Afrika imeshaonja gharama ya kuchelewa. Nigeria ilithibitisha H5N1, aina mojawapo ya virusi vya kundi la H5, Februari 2006, katika shamba kubwa la kuku jimboni Kaduna, na ikawa nchi ya kwanza barani kufanya hivyo. Ndani ya miezi michache ugonjwa ulikuwa katika majimbo mengi, ukifuata barabara za biashara ya kuku hai na mayai. Serikali ilitangaza fidia ya naira 250 kwa kila kuku atakayeangamizwa, na wafugaji wa kuku wa mayai walilalamika kwamba kiasi hicho hakifikii thamani ya kuku anayetaga. Mtu anayejua kwamba akisema atalipwa pungufu ya kile ambacho mchuuzi atampa leo jioni, hasemi. Misri, iliyokumbwa mwaka huohuo, haikufanikiwa kuung'oa ugonjwa, na kufikia 2008 ulihesabiwa kuwa umeota mizizi nchini humo; ikawa miongoni mwa nchi zilizopoteza watu wengi zaidi kwa H5N1 duniani, wengi wao wakiwa wamegusana na kuku wa nyumbani. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za zaidi ya watu 900 walioambukizwa virusi hivyo katika nchi mbalimbali, na karibu nusu yao walifariki. Virusi hivi bado havijapata uwezo wa kuenea kwa urahisi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, lakini katika nyumba ambako kuku mgonjwa ndiye anayechinjwa kwanza, mama na watoto ndio wanaosimama karibu naye kuliko wote.

Wanaopinga uzito ninaoupa chanjo ya kideri wana hoja, na zipo zinazostahili heshima. Ya kwanza ni kwamba kampeni ikifanikiwa, kuku wataongezeka, biashara itakua, matenga yatakuwa mengi zaidi, na siku mafua ya ndege yatakapoingia yatakuta nchi yenye kuku waliosongamana kuliko sasa. Ni kweli. Ongezeko la kuku lisilofuatana na utaratibu wa masoko linaongeza hatari, na anayeitetea kampeni hii hana budi kulikubali hilo waziwazi. Ya pili ni kwamba wachanjaji wanaokwenda nyumba hadi nyumba, wakishika kuku wa kila kaya kwa mikono ileile, wanaweza kuwa wabebaji wa ugonjwa siku ukizuka. Hilo nalo ni kweli, na dawa yake inajulikana: kuku waletwe kwa mchanjaji nje ya banda, mikono na viatu vioshwe kwa dawa kati ya kaya na kaya, na zoezi lisimamishwe mara moja panaporipotiwa vifo visivyoeleweka. Hoja zote mbili zinadai kampeni ifanywe vizuri zaidi. Hakuna kati yao inayodai isifanywe.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote, nayo ni ile inayosema kwamba kinga ya nchi ni mpaka wake. Tanzania ilizuia uingizaji wa kuku na vifaranga kutoka nje tangu katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, wakati H5N1 ilipoanza kutisha dunia, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya msingi. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyokuwa vimeingizwa kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto. Picha zake zilizua ghadhabu pande zote mbili za mpaka, na mabishano yakagawanyika kati ya waliosema ni ukatili na waliosema ni vita ya biashara. Swali lililopaswa kuulizwa kwanza halikupewa nafasi: je, kitendo kile kilipunguza uwezekano wa mafua ya ndege kuingia Tanzania?

Sioni namna ambavyo kingeweza kupunguza. Vifaranga vile vilitoka katika nchi ambayo haikuwa imetangaza mlipuko wa mafua makali ya ndege. Mwanzoni mwa mwaka uleule ugonjwa ulikuwa umeingia katika ukanda wetu kwa njia isiyopita Namanga wala kituo kingine chochote cha forodha: Januari 2017 ndege wahamaji walikutwa wamekufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, kwenye Ziwa Victoria, na virusi vya H5N8 vikapatikana kwao na kisha kwa bata na kuku wa kufugwa nchini Uganda. Miezi michache baadaye virusi hivyo vilithibitishwa katika mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Ziwa Victoria ni letu pia. Ndege aliyetua Lutembe asubuhi anaweza kuwa kwenye majaruba ya mpunga ya Sengerema au Magu siku chache baadaye, na katika majaruba hayo wanatembea bata wa wanakijiji. Kenya na majirani wengine walifunga mipaka dhidi ya kuku na mayai ya Uganda, wafugaji wa Uganda wakapoteza soko kwa ghafla, na serikali nyingine yoyote iliyokuwa ikitazama ilijifunza kwamba kutangaza ugonjwa kwa uaminifu kunaadhibiwa siku hiyohiyo.

Sisemi mpaka uachwe wazi. Vifaranga, kuku hai na trei za mayai zilizokwisha kutumika ni wabebaji wazuri wa virusi, na ukaguzi wa mpakani una kazi yake. Vilevile naielewa haja ya kuwalinda wenye mashine za kutotolesha vifaranga nchini, mradi iitwe kwa jina lake na ijadiliwe kama sera ya biashara. Tatizo linaanza pale marufuku isiyo na kikomo inapovaa joho la afya ya mifugo. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinaruhusu nchi kutenganisha eneo lenye ugonjwa na lisilo na ugonjwa, hata kulitambua shamba moja kuwa salama na kufanya nalo biashara, kwa vyeti na vipimo. Marufuku ya jumla inaua biashara ya mwenye cheti na kuiacha ya mwenye pikipiki ya usiku. Kifaranga kinachopita njia ya panya hakina daktari aliyekiona, hakina rekodi ya shamba kilikototolewa, na mwenye nacho akiona vimeanza kufa njiani ana kila sababu ya kunyamaza. Moto wa Namanga haukumfundisha msafirishaji yule kutafuta cheti. Ulimfundisha kubadilisha njia.

Kundi jingine linasema tumepitwa na wakati, kwamba tunahangaika na kideri wakati wenzetu wanachanja mafua ya ndege yenyewe. Ufaransa ilianza kuchanja bata Oktoba 2023, serikali ikibeba sehemu kubwa ya gharama, na milipuko iliyokuwa ikihesabiwa kwa mamia kila msimu ikashuka hadi michache. Afrika Kusini, ambayo mwaka 2023 ilipoteza mamilioni ya kuku na kushuhudia mayai yakiadimika madukani, iliruhusu chanjo mwaka 2025, ikaanza na kuku wazazi wapatao 200,000 wa kampuni moja. Mafanikio ya Ufaransa ni ya kweli na yanatia moyo, lakini yanatakiwa kusomwa pamoja na masharti yake. Kuku aliyechanjwa anaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, hivyo kila banda lililochanjwa linahitaji kupimwa mara kwa mara, na gharama ya upimaji huo inaweza kuizidi gharama ya chanjo. Marekani ilizuia kuku na bata wa Ufaransa mara tu chanjo ilipoanza. Chanjo inayotumika Afrika Kusini ni ya H5, wakati hasara kubwa ya 2023 kwa wafugaji wa Gauteng na mikoa jirani ilitokana na H7N6. Na Misri, iliyochanja kwa miaka mingi bila ufuatiliaji wa kutosha, imebaki na ugonjwa. Nchi ambayo bado haijaweza kujua kuku wa kijiji fulani wamekufa kwa nini haina msingi wa kusimamisha juu yake chanjo ya mafua ya ndege. Msingi huo ndio huu unaojengwa na kideri: orodha ya kaya, mchanjaji anayejulikana, ziara za kurudia, sampuli zinazofika maabara.

Faida ya msingi huo, hata hivyo, itapatikana kwa masharti, na hapa ndipo ningependa mjadala wa umma uhamie. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 inayotengenezwa na Taasisi ya Chanjo Tanzania iliyoko Kibaha inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, inatolewa kwa tone moja la jicho, na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kuitoa vizuri. Lakini kinga yake haidumu. Inatakiwa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na vifaranga vinatotolewa mwaka mzima. Kampeni inayopita kijijini mara moja, ikapigwa picha na kuondoka, itaacha kuku wengi bila kinga ifikapo kiangazi kinachofuata, na mbaya zaidi, itawaacha wafugaji wakiamini kwamba chanjo haifanyi kazi. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi wiki ijayo, hivyo kaya za kitongoji hazina budi kuchanja siku moja. Mpangilio wa aina hiyo unahitaji mtu anayeishi hapo na anayelipwa kwa kazi yake. Kwa kuwa mfugaji halipi, swali la nani atamlipa mchanjaji mzunguko wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili ndilo litakaloamua kama shilingi hizi zimetumika au zimepotea.

Sharti la pili ni fidia. Kufunga karantini, kuua kuku wote wa eneo lililoambukizwa na kuwafukia ni hatua ambayo hakuna nchi iliyodhibiti mafua makali ya ndege iliyoweza kuikwepa, na Hong Kong ya Desemba 1997, iliyoua kuku wake wote zaidi ya milioni moja baada ya watu 18 kuambukizwa na 6 kufa, inabaki mfano wa uamuzi wa haraka uliolipiwa. Wapo wanaohofia kwamba fidia itawafanya wafugaji wazembe, hata watamani ugonjwa. Hofu hiyo inajibiwa na namna ya kulipa. Nchini Marekani analipiwa kuku aliyeuawa akiwa hai kwa amri ya serikali, na aliyekwisha kufa halipiwi, kwa hiyo kila saa ya kuchelewa kutoa taarifa inamkata mfugaji fedha. Utaratibu huo unaweza kufanya kazi hata kwa mwenye kuku kumi, iwapo bei imetangazwa kabla ya mlipuko, inaikaribia bei ya soko, na inalipwa kwa simu ndani ya siku chache. Fidia inayohitaji barua tatu na safari mbili za wilayani haina tofauti na kutokuwepo kwa fidia.

Kwa hesabu ya bajeti, jambo hili linawezekana. Ugonjwa ukibainika katika kitongoji kimoja, serikali italipia kuku mia kadhaa. Ukibainika baada ya kupita Kisutu na Shekilango, italipia mabanda ya kuku wa mayai ya mikoa kadhaa, itapoteza ajira za wauza chipsi mayai na wachoma kuku wa kila kona ya mji, na bado itabaki na ugonjwa. Wizara ya Mifugo na Uvuvi inao muda sasa, kabla ya mlipuko, wa kutoa kanuni ya fidia ya kuku na kuiambatanisha na kadi ileile ya chanjo ambayo mchanjaji anaigawa kijijini, ili mfugaji anayepokea tone la kwanza la kideri ajue palepale ni namba gani ya kupiga siku kuku waliochanjwa watakapoanza kufa, na ni kiasi gani atalipwa kwa kila kuku aliyebaki hai siku hiyo.